Walimlilia Aurélie Mapema

Kuna mgeni gani anayekuletea mzigo, anautua mlangoni, na mzigo wenyewe unakuamkia? Mukamurenzi alipata jibu Jumanne asubuhi, amechuchumaa uani kwake akipepeta maharagwe. Pikipiki mbili zilipanda kilima kutoka barabara ya Kitshanga. Ya kwanza ilimbeba Papa Nzabandora, baba mkwe wa binti yake, na kofia yake ya kwendea kanisani. Ya pili iliendeshwa na Théogène, mtoto wa mzee huyo, na nyuma yake, amefungwa kwa kitenge kiunoni mwa mume wake ili asidondoke, alikaa Aurélie.

"Jambo, Mama," Aurélie alisema. Alikuwa amekonda hadi shingo imebaki kama mti wa jembe.

Mukamurenzi alileta kiti. Papa Nzabandora alikitazama, akabaki amesimama. Hapo Mukamurenzi alijua kwamba habari ni mbaya, na kwamba mwenye kuileta hataki kukaa nayo.

"Mama Aurélie, tulikuya kwa heshima," mzee alianza. "Tulitoka Goma jana. Picha ya skana imesema yote. Tumbo imejaa kansa. Zile vimbe ziko palepale karibu na figo yenye ulimupatia, zinaizunguka kama vifaranga na mama yao. Docteur wa kule alituambia: mumurudishe nyumbani, mujitayarishe."

"Nyumbani ni wapi? Aurélie iko na nyumba, iko na bwana."

"Figo ilitoka kwenu. Kile chenye kimeoza ni chenu." Alivua kofia, akaivaa tena. "Na ile ngombe tulikupa ya kukushukuru, hatutaidai. Bakia nayo."

Alilisema hilo la mwisho kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka. Mukamurenzi akaweka ungo chini polepole, maana mikono ilimwambia amrushie.

Théogène alikuwa anafungua mizigo bila kumtazama mtu: begi la nguo, bahasha kubwa ya picha, na mfuko wa plastiki wenye dawa. Mukamurenzi aliupima mfuko kwa mkono. Ulikuwa mwepesi. Dawa hizo ndizo zilizoutuliza mwili wa Aurélie asubuhi na jioni, kwa miaka miwili, ili usiifukuze figo ya kupewa.

"Zingine ziko wapi?"

"Zimebaki za siku tisa, Mama," Théogène alijibu akiitazama tairi. "Docteur alisema hata hizo zinalisha kansa. Ati tupunguze, kiisha tuache."

"Na tukiacha, figo inakuwa aje?"

Théogène alikaza kamba ya pikipiki. Baba yake akajibu kwa niaba yake: "Mama, muntu anaenda. Figo itabakia kufanya nini?"

"Sikiliza, Papa Nzabandora. Mimi nilipasuliwa ubavu juu ya ile figo. Niliamka, nikauliza kwanza yeye, kiisha nikauliza maji. Sasa sitaizika juu ya picha moja tu. Muende. Kiti changu hamukukikalia, basi hata kwaheri yangu musiingojee."

Pikipiki zilishuka. Aurélie alikuwa amekaa chini pale alipofunguliwa, miguu imenyooka vumbini kama ya mtoto. Mama yake akamwinua kwa makwapa, akamwingiza ndani.

Kesho yake kilima kizima kilikuja kulia. Hakuna aliyewaita. Wanawake wa kanisa walifika wawili wawili, wakatandika mikeka, wakashika tama. Mmoja alileta kuni, kuni za matanga zenyewe, mabonge makubwa ya kuwaka usiku kucha. Kutoka chumbani Aurélie alisikia jina lake likitajwa kwa maneno ya zamani: alikuwa na moyo mzuri, alikuwa anajua kuimba.

Mukamurenzi alitoka na debe la maharagwe, akalimwaga katikati ya mkeka.

"Kama mumekuja kukaa, mukae na kazi. Mazuri huku, mabovu huku. Na yeye yote atasema tena 'alikuwa', nitamuongezea debe la pili."

Walichagua maharagwe. Ungefanya nini? Ndipo Nadine, dada ya Théogène, akapanda kilima amevaa kitenge cha kijani chenye masuke ya mtama, kile ambacho Aurélie alikinunua kwa Pasaka na kukivaa mara mbili tu. Vidole vilisimama juu ya maharagwe.

"Nadine, mwanangu," Mukamurenzi alisema kwa upole mno, "hii kitenge ni ya nani?"

"Ni... Papa alisema tugawanye, Mama. Juu panya isiikule."

"Panya yenyewe ndiyo wewe?"

Mwanamke mmoja alikohoa ili asicheke.

"Vua."

"Mbele ya bantu, Mama?"

"Iko na mwenyewe, na mwenyewe anapumua. Vua. Nitakupa ile yangu ya jikoni, haitakosa kukufunika."

Aurélie aliita kutoka ndani: "Muachie, Mama. Nimekonda, hainitoshi tena."

"Utanenepa!" mama yake alijibu bila kugeuka.

Nadine aliondoka na kitenge cha jikoni chenye masizi, akipita nyuma ya migomba. Wanawake walicheka hadi machozi, na kwa kuwa machozi yalikuwa tayari yametoka, baadhi yao waliendelea kulia kidogo kwa mazoea. Mmoja wao, mwanamke mzima wa kwaya, alimvuta Mukamurenzi pembeni.

"Mama Aurélie, nasikia unataka kumupeleka hospitali ya Mweso wamupasue. Usifanye. Kansa ikiguswa na kisu inakasirika, inatawanyika mwili mzima."

"Nani alikuambia?"

"Bantu bote banajua."

"Hao bantu bote, waliniambia pia kwamba nikitoa figo nitakufa mbele ya mavuno. Niko navuna mara ya tano."

Lakini jioni ile, akiosha miguu ya binti yake, aliosha mguu mmoja mara mbili. Naye aliyaamini maneno hayo tangu utotoni.

Alhamisi walipanda pikipiki ya kukodi, dereva mbele, Aurélie katikati, Mukamurenzi nyuma akimkinga kwa mikono miwili, bahasha imebanwa kati ya vifua vyao. Kwenye kizuizi cha pili mwenye bunduki aliomba kuona kilichomo. Alitoa picha, akaigeuza juani kama mtu anayechunguza noti.

"Ni nini hii?"

"Ni tumbo ya mutoto wangu."

Aliirudisha haraka. Hata pesa ya kupita alisahau kuidai.

Daktari Darius wa pale hospitali alivaa miwani iliyofungwa kwa plasta pembeni. Aliiweka picha kwenye kioo cha dirisha, akakaa kimya muda mrefu. Mukamurenzi hakupenda kimya hicho. Aliona afadhali akijaze.

"Docteur, nikutegee kitendawili?"

Darius aligeuka, akashangaa, kisha akasema kama mtoto yeyote aliyelelewa na bibi: "Tega."

"Anajua urefu wangu, anajua unene wangu, jina langu hajui."

Daktari alifikiri. Aurélie ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo kutoka kitandani: "Picha."

"Njo hivyo. Sasa mutafute jina."

Darius alicheka, akavuta kiti karibu. Alikalia kiti chake, Mukamurenzi aliona hilo.

"Wale wa Goma hawakusema uongo, Mama," alieleza. "Muntu mwenye figo ya kupewa, mwenye anakunywa dawa za kulaza mwili, anaweza kupata kansa ya matezi, na inaonekana hivihivi. Lakini kuna vitu vingine vinaonekana hivihivi pia. Walitoa kipande cha nyama wakakiangalia?"

"Hapana. Picha tu."

Alimpapasa Aurélie tumboni, akashuka kwenye kinena, upande uleule wa figo. Kidole kikasimama. "Hapa iko moja, karibu na ngozi. Ndogo kama haragwe. Nitaitoa yote, atakuwa macho, hatasikia kisu. Kipande moja kiingie mu mashine yetu ya hapa, kingine kiende Goma mu chupa, wakiangalie na microscope."

Aurélie alishika mkono wa mama yake. "Mama, inasemekana ikiguswa na kisu inatawanyika."

"Nami nasikia hivyo. Nami naogopa," Mukamurenzi alisema. "Lakini tunaogopa kitu yenye hatujui jina. Kama ni kuogopa, tuogope yenye tunajua."

Aurélie alitazama dari. Kisha akasema, si kwa mama yake, kwa daktari: "Toa."

Kabla ya kisu yalikuja maswali. Homa? Ndiyo, kila jioni. Jasho? Usiku, hadi shuka linakamuliwa. Anakula nini? Hapo Mukamurenzi alinyooka kwenye benchi, maana hilo ndilo lilikuwa shamba lake.

"Docteur, hapo hauwezi kunikuta na kosa. Kule mbali tulipopasuliwa walisema kila kitu kiive, na kila kitu kinaiva. Maji nachemsha, hata ya kusukutua. Matunda yanamenywa. Nyama inapikwa mpaka inaomba msamaha."

"Na maziwa?"

"Ee! Maziwa haijakosa hata siku moja. Ya ngombe yangu, ile nilipewa ya kunishukuru juu ya figo. Nakamua asubuhi, nashuka kilima kimoja, napanda kingine, namupelekea kwa bwana yake ikiwa bado na povu na joto yake."

"Unaichemsha?"

Mukamurenzi alicheka kwa moyo wote. "Docteur, wewe ni mutoto wa wapi? Maziwa inachemshwa? Ngombe inakauka!"

Darius hakucheka. Aliandika neno moja kwenye karatasi, akauliza bila kuinua kichwa: "Hiyo ngombe inakohoa?"

Kicheko kilibaki usoni mwa Mukamurenzi kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. "Mara mojamoja," alisema. "Asubuhi. Juu ya baridi."

Jibu la mashine lilitoka Jumamosi. Darius aliwaita wote wawili, akalisema wima, bila kuzunguka.

"Mashine imepata kifua kikuu. Kimeshika matezi ya tumbo. Yanavimba, yanajikusanya, na kwenye picha yanafanana na kansa kama mapacha. Tutangojea Goma watuhakikishie, lakini dawa tunaanza leo. Ni miezi mingi, na haiuzwi, ni ya bure. Na dawa za figo zisiachwe hata siku moja! Hizi mbili zinagombana, basi nitabadilisha kipimo na damu yake tutaipima kila mara."

"Si kansa," Aurélie alisema. Alisema tena, kama anayejaribu kiatu: "Si kansa."

Mukamurenzi alipiga makofi mara moja tu. Kisha akamfuata daktari kwenye baraza.

"Ni maziwa?"

Darius alivua miwani. "Siwezi kuapa, Mama. Inatoka kwa kikohozi cha muntu pia, kanisani, sokoni, popote. Kuna na ya ngombe. Mashine yetu haiwezi kutenganisha."

Alikuwa amemfungulia mlango wa kutokea, na Mukamurenzi aliuona. Ulikuwa mlango mzuri, mpana. Angepita hapo, na mpaka anaingia kaburini angesema labda ilikuwa kanisani. Alikaa kwenye ngazi za baraza mchana mzima akiutazama, hadi wauguzi wakaanza kumzunguka kama gunia. Kila alipofumba macho aliona miguu yake mwenyewe ikishuka kilima kimoja na kupanda kingine, mikono imekumbatia kibuyu kwa furaha.

Jioni alimwambia Aurélie. Alimwambia yote, pamoja na kikohozi cha ng'ombe.

Aurélie alilikunja pindo la shuka, akalikunjua. "Uliamka saa kumi na moja kila siku," alisema mwishowe. "Mimi nilikuwa nasikia hatua zako na nasema, Mama amefika, leo nitapona."

"Unikasirikie. Ni haki yako."

"Nitakasirika nikipata nguvu. Sasa nipe uji."

Siku ya tisa, kidonge cha mwisho cha figo kikiwa mkononi, Théogène aliingia wodini na matope hadi magotini. Alitoa paketi ndani ya shati lake. Alikuwa ameziendea Goma.

"Ziko za mwezi moja," alisema.

"Baba yako anajua?" Mukamurenzi aliuliza.

"Hajui."

"Basi leo umeanza kuwa bwana ya muntu. Kaa."

Wiki tatu baadaye karatasi ya Goma ilifika: hakuna kansa popote. Homa ilikuwa imekatika, na Aurélie alikuwa anatembea kutoka wodini hadi kisimani bila kushika ukuta. Habari ilifika kilimani kabla yao, na Papa Nzabandora akatuma ujumbe kwamba mke wa mtoto wake arudi nyumbani Jumapili, jamaa zote zitakuwepo, wamalize.

Mukamurenzi alikuwa bado hajamwambia mtu mwingine juu ya maziwa. Alipokwenda nyumbani kukamua, maziwa ya ng'ombe wake hakumpa tena mtu yeyote, aliyamwaga nyuma ya zizi gizani kama mwizi. Lakini kila siku aliyokaa kimya, ndoo za maziwa za Nzabandora zilipita barabarani asubuhi, na watoto walikimbilia na vikombe.

Jumapili uani kwa Nzabandora kulijaa. Viti vilikuwa vya kutosha, na mara hii mzee mwenyewe alikuwa amekaa. Wale wanawake wa kanisa walikuwepo, waliofika kulia na sasa wakaja kushangilia, wimbo ukiwa karibu uleule. Nadine alipita na sinia bila kumtazama Mukamurenzi. Papa Nzabandora aliinuka, akapokea chombo cha mti kilichofukizwa moshi, kimejaa maziwa ya asubuhi ile, akakishika kwa mikono miwili mbele ya Aurélie.

"Tulikosa," alisema, na ilionekana neno hilo lilimgharimu. "Picha ilituogopesha. Kunywa, mwanangu. Ukinywa, yamekwisha, hii ni nyumba yako."

Kila mtu pale alijua maana yake. Maziwa ya mkwe hayakataliwi. Anayeyakataa ameikataa nyumba, na kesho atatafutiwa mwingine. Aurélie alilitazama povu, akamtazama mama yake, akanong'ona: "Sema tu docteur amenikataza."

Mukamurenzi alisimama.

"Hanywi," alisema. "Na si docteur anakataza. Ni mimi."

Wimbo ulikatika katikati ya neno.

"Sikilizeni bote, juu sitasema mara mbili, nitapata haya. Ugonjwa yenye mulisema ni kansa ni kifua kikuu ya tumbo. Docteur hawezi kuapa ilitoka wapi. Lakini mimi nilimupa mutoto wangu maziwa mabichi miaka miwili, ya ngombe yenye inakohoa. Mwili yake imelazwa na dawa, haiwezi kujitetea. Nilimupa figo na mikono hii, na labda nilimupa na ugonjwa na mikono hii hii. Niliona aibu, nikanyamaza wiki tatu, na batoto benu bakaendelea kunywa. Hiyo ndiyo kosa yangu ya pili, na ni kubwa kupita ya kwanza."

"Ile ngombe ilitoka kwangu," Papa Nzabandora alisema polepole.

"Ilitoka kwako."

"Unasema ngombe zangu ni wagonjwa? Mbele ya bantu? Kwenye uwanja wangu?"

"Nasema sijui. Muliambiwa kansa, mukaamini bila kuuliza, mukagawanya nguo. Sasa mimi nasema tuulize. Veterinere, docteur wa ngombe, akuye apime, yangu ya kwanza. Na mpaka akuye, tuchemshe."

"Ukichemsha maziwa, ngombe inakauka! Baba yangu alijua hivyo, na baba yake!"

"Ikauke," Mukamurenzi alisema. "Ikauke, Papa Nzabandora! Mimi nilikauka upande moja, na ningali natembea."

Hakuna aliyecheka. Mzee alikuwa bado ameshika chombo, mikono imenyooka, hajui akiweke wapi. Ndipo Aurélie akakipokea. Alikipokea kwa mikono miwili na kwa kupiga goti kidogo, kama inavyotakiwa, hata wengine wakadhani atakunywa. Aliinuka nacho, akavuka uwanja, akaingia jikoni.

Lilikuwa jiko lake, lakini tangu alipoondoka walikuwa wamelipanga upya. Alisimama katikati akiangaza.

"Sufuria yangu ndogo mulipeleka wapi?" aliuliza kwa sauti iliyofika nje.

Kisha Nadine aliingia, akainama nyuma ya mitungi, akaitoa. Aliifuta kwa mkono kabla ya kumpa Aurélie, na alipokwisha kumpa hakuondoka, akapiga magoti na kuchochea moto. Théogène naye akaja mlangoni. Mwanamume haingii jikoni wakati baba yake ana wageni uani. Aliinama kupita kizingiti, akakaa kwenye kigoda, magoti yakamfikia kidevuni.

Nje Mukamurenzi alikuwa amerudi kwenye kiti chake na amenyoosha mgongo. Kulikuwa na wale waliokwenda zao, wakipita mbali naye. Wengine walibaki, kwa hasira au kwa kutaka kuona, na mama mmoja akamnyang'anya mtoto wake kikombe, akakishika bila kujua akimwage au vipi. Harufu ilianza kutoka jikoni, harufu ambayo uwanja ule haukuwahi kuisikia.

"Munaichoma!" Papa Nzabandora alipaza sauti. Alikuwa bado amesimama palepale. "Aurélie! Munachoma maziwa yangu!"

"Bado, Papa," Aurélie alijibu kutoka ndani ya moshi. "Ndiyo inafura sasa. Kama unataka yako, ngojea ipoe."